Mguu Usiokuwepo Nausikia, Uliopo Siusikii

Pini niliiona saa mbili usiku, nilipokaa kitandani kupaka mafuta miguu. Miguu nasema kwa mazoea, ni mmoja. Ilikuwa pini ya kawaida ya kushonea, yenye kichwa cheupe, imezama kwenye unyayo wa kushoto mpaka kichwa kimegusa ngozi. Damu ilishakauka. Nikajaribu kukumbuka niliikanyaga saa ngapi. Kibandani nilikuwa navua ndala ili nikanyage pedeli ya cherehani vizuri, na siku ile nilishinda napunguza magauni ya sare ya harusi. Kwa vyovyote nilikaa nayo saa nyingi, nikatembea nayo mpaka nyumbani, nikapika, nikala. Sikuisikia.

Usiku uleule kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kinaniuma kama kimebanwa mlangoni. Mguu wa kulia ulizikwa mwaka 2007.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa sauti na kwa maumivu: kusikia. Unasikia adhana, unasikia baridi, unasikia mwiba. Kwangu neno hilo limevurugika kila upande. Mguu usiokuwepo nausikia, uliopo siusikii, na masikioni kuna sauti zilizokwenda na hazitarudi. Mengi katika haya yalinijia au niliyatambua baada ya kuambiwa nimepona. Nayaandika kwa sababu nakutana na vijana waliokatwa mguu kwa saratani kama mimi, pamoja na wazazi wao, wanaodhani kwamba dripu ya mwisho ikiisha habari imeisha. Nami nilidhani hivyo, na nusura niondoke duniani kwa kudhani.

Nilikuwa na miaka 16, kidato cha pili, nilipoanza kuumwa juu kidogo ya goti la kulia. Nilikuwa mchezaji wa netiboli, kwa hiyo kila mtu alisema nimeteguka. Nikakandwa kwa maji ya moto, nikachuliwa kwa mafuta ya nazi, nikafungwa kitenge. Zahanati moja ilinipa dawa za maumivu mara tatu bila kunipiga picha. Maumivu ya kuteguka hupungua ukipumzika, lakini yangu yalizidi usiku, nikiwa nimelala. Mzazi unayesoma hapa, tafadhali lishike hilo: kijana anayeamshwa usiku na maumivu ya mfupa, na ana uvimbe usiopungua, apigwe eksirei mapema, hata kama anacheza mpira na kuna sababu nzuri ya kusema ameteguka. Saratani niliyokutwa nayo, osteosakoma, huwapata sana vijana walio katika umri wa kurefuka, na mara nyingi huanzia karibu na goti. Sisi tulipoteza miezi mitano.

Nilikatwa juu ya goti, katikati ya paja. Baba na baba mdogo waliuchukua mguu, wakaufunga kwa kitambaa cheupe, wakauvusha kwa pantoni na kwenda kuuzika kwenye makaburi ya kwetu Kigamboni. Wiki ya pili ukaanza kuniuma. Vidole vilikuwa vinajikunja kwenda chini, kimoja juu ya kingine, na kisigino kinawaka moto. Bibi alisema bila kusita kwamba waliozika wameukunja vibaya. Mama akamwomba baba akaufukue, aunyooshe. Baba alikataa, siku ya pili akakubali, halafu akaja kuniuliza mimi. Namkumbuka amesimama mlangoni na jembe mkononi, hanitazami usoni, anasema, "Mwanangu, ukisema niende, nakwenda sasa hivi." Nikamwambia asiende. Sikuwa na hoja yoyote. Niliogopa tu kujua mguu wangu umefikia hali gani kule chini.

Ilipita miaka mingi kabla sijakutana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyenieleza vizuri. Ubongo una ramani ya mwili mzima, na kisu cha daktari kikikata mguu hakiifuti sehemu ya mguu kwenye ramani ile. Mishipa ya fahamu iliyokatwa huendelea kutuma habari, ubongo nao huendelea kuuamuru mguu usiojibu, na fujo hiyo mtu huisikia kama maumivu. Ni maumivu ya kweli kabisa, si wazimu wala uongo. Hospitali walinipa amitriptilini, kidonge kidogo cha usiku ambacho pia hupewa watu wenye sonona, na msifadhaike mkipewa: kwa dozi ndogo hutuliza mishipa ya fahamu. Kilinipunguzia. Ila kilichonisaidia zaidi ni kioo.

Njia ya kioo ilitokana na kazi ya daktari mzaliwa wa India, V. S. Ramachandran, aliyekuwa Marekani katika miaka ya 1990. Unakaa, unasimamisha kioo katikati ya mapaja, upande wa kung'aa ukitazama mguu mzima. Ukiinama kutazama, unaona miguu miwili. Kisha unaukunja na kuunyoosha ule mzima polepole, macho yakiwa kwenye kioo, mpaka ubongo uamini kwamba ule mwingine nao unanyooka. Mimi nilitumia kioo kirefu cha kibandani, kile wateja wanachojitazamia wakijaribu nguo. Nilifanya dakika 15 kila jioni baada ya kufunga mlango. Wiki mbili za mwanzo nililia tu, kwa sababu tangu mwaka 2007 sikuwa nimejiona na miguu miwili. Wiki ya tatu, jioni moja, vidole vilinyooka. Nilivisikia vinavyoachana, kimoja kimoja. Nikampigia baba simu papo hapo, nikamwambia, "Baba, vidole vimenyooka." Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema Alhamdulillah.

Haimsaidii kila mtu, na kwangu maumivu hurudi nikichoka sana au nikiugua. Lakini sasa nina cha kufanya yanaporudi.

Jambo la mto nalitaja haraka, kwa sababu nimeliona linarudiwa nyumba nyingi. Mama yangu, kwa huruma, aliniwekea mto chini ya kigutu usiku na mchana ili nisiumie. Nyonga ikazoea kukunjika, misuli ya mbele ikafupika, na nilipopata mguu wa bandia sikuweza kusimama wima. Nilitembea kama mtu anayetafuta kitu chini. Ilinichukua karibu mwaka mzima wa kulala kifudifudi kila siku, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, kuinyoosha. Mgonjwa wenu aliyekatwa juu ya goti msimwekee mto chini ya paja. Mwacheni alale kifudifudi kila akiweza.

Sasa nije kwenye dripu. Nilitibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ambako jengo la zamani la Wajerumani bado linatazama bahari, na kutoka barazani tulikuwa tunaziona meli zikiingia bandarini. Dripu zangu zilikuwa mbili. Moja ni nyekundu kama sharubati, inaitwa doksorubisini, na ukishaipata hata mkojo unatoka mwekundu. Nyingine haina rangi, inaitwa sisplatini, na ndani yake kuna madini ya platinamu. Dawa hizi mbili ndizo zilizonifanya niwe hai leo, na sitasema neno la kuwatisha watu wazikimbie. Ninachosema ni kwamba zina kumbukumbu ndefu kuliko sisi. Wako watu waliopimwa miaka mingi baada ya tiba, na platinamu ikakutwa bado imo kwenye damu yao.

Ile isiyo na rangi ilichukua kwanza masikio. Hudhuru vinyweleo vidogo sana vya sikio la ndani, vile vinavyopokea sauti nyembamba. Nilikuja kutambua kwa mbu. Wenzangu nyumbani walikuwa wanalalamika kwamba mbu anawapigia kelele sikioni, mimi nasikia kimya. Nikaridhika kwamba upande wangu hakuna mbu, nikawa sichomekei chandarua vizuri, nikaugua malaria mara mbili mwaka mmoja. Baadaye nikaona sauti za s na f zinadondoka katikati ya maneno, hasa mashine za majirani zikiwa zinanguruma. Kwa fundi hilo ni hatari; gauni la mtu limeshaharibika kwa namba niliyoisikia nusu. Siku hizi kila kipimo nakiandika mbele ya mteja na kumwonyesha daftari. Binti yangu naye alijua mapema kwamba kuniita kwa sauti yake nyembamba kutoka chumba cha pili ni kazi bure. Anapiga sakafu kwa mguu, mara mbili, nami naitika.

Kisha unyayo. Dawa hiyohiyo hugusa mishipa mirefu ya fahamu, ile inayofika mwisho wa vidole. Ganzi ilianza kama soksi nyembamba ambayo huwezi kuivua, na haikuondoka. Anayetegemea mguu mmoja, mguu huo ukiwa na ganzi, anatembea kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Kwenye cherehani ya kukanyaga hujui umebonyeza kwa nguvu gani, mshono unakimbia kabla hujaushika. Nilijinyima nikanunua mota, ambayo naiongoza kwa jicho na sauti yake nzito. Umeme ukikatika narudi kwenye pedeli, na siku hizo sishoni nguo za watu, nashona foronya.

Baada ya ile pini nilijiwekea taratibu ambazo sizivunji. Ndala siku hizi sivui, hata kwa ajili ya pedeli. Jioni napitisha sakafuni sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, nimeifunga kwenye kipande cha ufito, utashangaa inachokusanya. Maji ya kuoga nayapima kwa kiwiko. Na kila usiku, kabla ya kulala, unyayo unakaguliwa kwa tochi ya simu. Watu wa kisukari wanafundishwa hivi kliniki. Sisi wa dripu hatukufundishwa, au mimi sikufundishwa.

Lakini lililotaka kuniondoa lilikuwa jingine, na lilianzia mahali ambapo nisingelitafuta: kwenye mguu wa bandia.

Mwaka 2019 nilikuwa na mimba ya miezi sita. Mguu wangu wa bandia una soketi ya plastiki ngumu, yaani lile bakuli refu ambalo paja huingia. Likikaa vizuri unasahau. Likibana hata kidogo linakata ngozi ya kinena, na kwa joto la Dar es Salaam, jasho likitulia humo, kidonda ni suala la siku mbili. Asubuhi mguu ulikuwa unaingia, jioni soketi inauma kama imepungua saizi. Nikaenda kliniki moja, nikaambiwa ni uvimbe wa mimba. Nikasema nahema sana. Nikaambiwa ni mimba. Nikasema moyo unakimbia nikiwa nimekaa, mimba. Mwenyewe nilikubali, kwa sababu ilikuwa mimba yangu ya kwanza na sikuwa na cha kulinganisha. Vidonda vya kinena navyo vikiuma, nilikuwa natuma mtu duka la dawa aniletee diklofenaki. Nilimeza kwa wiki nyingi.

Asubuhi moja nilishuka kwenye pantoni upande wa Feri. Mnajua watu wanavyotoka pale, kama mchele unavyomwagika kutoka kiroba. Katikati ya ule mwinuko hewa ikakata. Nikasimama, watu wakanipita kushoto na kulia, wengine wakiguna kwamba nawazibia. Muuza karanga akageuza ndoo yake, akasema, "Kaa hapa, dada," akasimama mbele yangu ili wasinikumbe. Usiku huo sikuweza kulala chali. Nikilala najisikia nazama. Shangazi, aliyekuwa mwangalizi wangu wodini Ocean Road, alikuwa amekuja kunisaidia. Alinikuta saa tisa usiku nimekaa nimeegemea mito mitatu. Akanitazama, kisha akauliza, "Mwanangu, ile dawa nyekundu, umewaambia kliniki?"

Sikuwa nimewaambia. Katika miaka kumi na moja hakuna aliyeniuliza, nami nilipoulizwa "una ugonjwa wowote?" nilijibu hapana, kwa sababu nilikuwa nimepona.

Kulipokucha tukaenda hospitali nyingine na karatasi yangu ya kuruhusiwa, imekunjika na kugeuka njano. Daktari aliposoma jina la dawa, hakuuliza tena habari za mimba. Siku hiyohiyo nilipigwa kipimo cha moyo, kile cha jeli na skrini, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Moyo wenye afya ukibana hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo ndani yake, kuanzia kama 55 katika 100. Wangu ulitoa 35. Nilielezwa kwamba ile dripu nyekundu hujumlishwa maisha yote, kila chupa inaongezeka kwenye hesabu, na kadiri jumla inavyokuwa kubwa ndivyo misuli ya moyo inavyokuwa hatarini, hata miaka kumi au ishirini baadaye. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na moyo uliokuwa unajikongoja kimyakimya ukashindwa kuibeba. Diklofenaki niliyokuwa nameza ilizidisha, kwa sababu huzuia maji na chumvi mwilini na kuzitesa figo, nazo figo zangu zilishapitiwa na sisplatini. Kwa hiyo jioni soketi ilikuwa inabana kwa sababu kigutu kilijaa maji, na maji yalijaa kwa sababu moyo umechoka. Mguu wa plastiki ulinieleza ukweli wiki tano kabla ya mtu yeyote.

Nililazwa. Binti yangu alitolewa kwa upasuaji wiki ya 35, kilo 2 na gramu 200, akalia kwa sauti ambayo nesi alisema ni kali. Mimi niliona mdomo wake tu. Moyo wangu umepanda kidogo kwa dawa, sasa uko 45. Nameza vidonge asubuhi na jioni, na daktari ameniomba nisibebe mimba nyingine. Hilo lina uzito wake, na mume wangu na mimi bado tunalibeba.

Tangu hapo nimeelewa kazi yangu ni ipi. Kila kiungo changu kina kliniki yake. Wa moyo haangalii unyayo, wa viungo bandia haulizi habari za figo, na wa masikio hajui kama nina mguu mpaka niinuke kwenye kiti. Wote ni watu wazuri na wamejaa foleni. Mwenye kuyajua yote ni mimi peke yangu. Kwa hiyo nimeandika karatasi moja, upande mmoja tu: ugonjwa uliokuwepo na mwaka, mahali nilipokatwa, jina la kila dripu na jumla ya dozi (nilirudi kuiomba kwenye faili, na niliipata kwa kusubiri), hali ya moyo, figo na masikio, dawa ninazotumia, na mwishoni kwa herufi kubwa: ASIPEWE DIKLOFENAKI. Nimeifunika plastiki, na picha yake iko kwenye simu yangu na ya mume wangu. Naitoa kabla ya kusalimiana kumalizika. Mtu akimaliza tiba ya saratani leo, akaniuliza aondoke hospitali na nini, nitamwambia aondoke na karatasi hiyo.

Uzito napima kila asubuhi kabla ya chai. Nasimama kwenye mizani na mguu wa bandia, kisha natoa kilo 3 na nusu, ambazo ni za mguu. Ikiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, napiga simu. Fundi wa viungo bandia naye, nilipomweleza, alinipima paja asubuhi na jioni, akatengeneza soketi ya kutosha jioni, na asubuhi najaza nafasi kwa soksi za kigutu. Kwa hiyo nahesabu soksi: mbili ni siku njema, moja ni ya kuangalia. Ikifika siku hata bila soksi inabana, siendi kazini. Kigutu nakiosha usiku, si asubuhi, kwa sababu ngozi iliyolowa huvimba na kung'ang'ania soketi.

Kikohozi bado kinanitisha. Saratani ya aina yangu ikirudi hupenda mapafu, na miaka yote hii, mafua yakinishika nahesabu siku. Mume wangu hunisikia nikikohoa usiku, hasemi kitu, ananishika mkono. Asubuhi tunaendelea.

Binti yangu sasa ana miaka sita na kukagua unyayo amekufanya kazi yake. Haruhusu mtu mwingine ashike tochi. Anaanza kisigino, anapita katikati ya kila kidole, kisha anabonyeza mundi kwa kidole gumba na kutazama kama kishimo kinabaki. Jana alikuta kipande cha uzi mwekundu kimenasa kwenye ufa wa kisigino. Akakivuta taratibu, akakiinua kwenye mwanga, akaniuliza, "Mama, umesikia?"

Nikamwambia sikusikia. Akauweka uzi kwenye kiganja changu, akarudi kukagua kidole cha mwisho.